Mbuzi wa Kamba na Fisi wa Njia Mbili

Iko desturi katika ufundishaji wa ushairi ambayo imekaa muda mrefu hata ikadhaniwa kuwa sheria. Mwanafunzi apewapo shairi hutakiwa ataje dhamira, kisha ujumbe, kisha falsafa, kisha msimamo wa mshairi. Na msimamo huo hauna budi kuwa mmoja kati ya miwili: ama mshairi ni mwanamapinduzi, ama siye. Shairi likikataa kuingia katika mojawapo ya vyumba hivyo, haliulizwi sababu. Huambiwa kwamba mtungaji wake hana msimamo, na darasa huendelea na shairi jingine. Kwa desturi hii mojawapo ya mashairi bora ya Kiswahili ya karne ya ishirini, "Dhamiri Yangu" la Euphrase Kezilahabi, limekuwa likihukumiwa bila ya kusikilizwa. Yasikitisha zaidi kwamba hukumu hiyo hutolewa hata Mbeya na Iringa, katika Nyanda za Juu Kusini, mahali ambapo msomaji ana sababu nyingi za kulielewa shairi hili kuliko msomaji wa mahali pengine.

Shairi lenyewe limo katika diwani ya Kichomi, iliyotoka mwaka 1974. Mtungaji, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na aliyefariki Januari 2020, alikuwa wakati huo kijana wa miaka thelathini. Msemaji wa shairi ni mtu aliyefungwa shingoni na dhamiri yake kama mbuzi afungwavyo kwenye mti, na mti huo ni utu. Kamba ni fupi. Amekula majani yote yaliyomzunguka hata mwendo wake umechora duara katika ardhi. Nje ya duara ayaona majani mabichi, lakini kamba haimruhusu kuyafikia. Mara sura inageuka, mbuzi anakuwa mbwa, na mbwa huyo katika kuhangaika kwake amekipiga teke chombo cha chakula chake mwenyewe. Kukata kamba haiwezekani, kwa kuwa kamba yenyewe haionekani kwa macho. Hapo msomaji aliyezoea mashairi ya maandamano huketi sawasawa akingoja mapinduzi. Hayaji. Msemaji akiri kuwa sasa hata hatamani kamba ile ikatike, kwa maana mbuzi aliyepata kufunguliwa aliharibu mashamba ya watu, na mbwa aliyepata kufunguliwa aliwauma. Amshukuru aliyemfunga. Kisha, akiisha kushukuru, apaza sauti kutangaza kwamba pale alipofungwa malisho yamekwisha.

Katika shairi zima hakuna kituo kilichofasiriwa vibaya zaidi kuliko hicho cha mwisho. Wengine huishia kwenye shukrani, wakasema mshairi amekubali utumwa. Wengine hurukia kelele, wakasema ameanza kuamka ingawa kwa woga. Wachache husoma yote mawili pamoja kama yalivyoandikwa.

Hoja ya kwanza ya wanaolishutumu shairi ni kwamba kusitasita kwa namna hii hakukuzaliwa Afrika. Kwamba ni maradhi ya Ulaya yaliyoletwa katika vitabu, na kwamba Kezilahabi, msomi wa seminari na wa chuo kikuu, aliambukizwa. Shahidi wao mkubwa ni T. S. Eliot, Mmarekani aliyehamia Uingereza, ambaye shairi lake "The Love Song of J. Alfred Prufrock" lilichapwa mara ya kwanza Juni 1915 katika jarida la Poetry la Chicago. Shahidi huyu si wa kudharauliwa, na yafaa aletwe barazani asikilizwe, kwa kuwa wengi wanaomtaja hawakumsoma.

Prufrock ni mwanamume wa makamo katika mji wenye ukungu. Jioni imeingia, naye ana safari ya kwenda kwenye mkutano wa chai ambako mabibi wanazungumza juu ya mambo ya sanaa. Ana swali zito la kuuliza. Swali lenyewe halitajwi hata mara moja katika shairi zima. Kabla hajafika mlangoni amekwisha kuona kwa mawazo jinsi watakavyomtazama: nywele zake zilizopungua utosini, mikono na miguu yake myembamba, nguo alizovaa kwa uangalifu. Ahesabu nafasi atakazopata za kubadili nia, na nafasi hizo ni nyingi kuliko vikombe vya chai. Akisema, huenda mtu ataegemea mto na kumwambia kwamba hakumwelewa. Basi hasemi. Shairi laishia baharini, katika ndoto, na sauti za wanadamu ndizo zinazomwamsha na kumzamisha. Hili ni shairi kubwa na hapana haja ya kulipunguza. Ndilo lililoonyesha jinsi mtu anavyoweza kuuawa na macho ya wenzake bila ya kuguswa.

Lakini msomaji na alitazame duara la mbuzi. Nani anamwangalia? Hapana chumba, hapana chai, hapana mabibi, hapana hata mpita njia. Uko mti, iko kamba, yako majani, na yuko mmoja aliyefunga kamba ambaye hayupo. Prufrock aogopa atakavyoonekana. Msemaji wa "Dhamiri Yangu" aogopa atakayoyatenda. Prufrock ana jambo la kusema akalimeza. Msemaji wa Kezilahabi huanza akiwa amefungwa shingo na humaliza akisema kwa sauti ya juu. Ikiwa hii ni nakala, basi ni nakala iliyogeuza mwanzo, kati na mwisho wa asili yake. Hapana anayekana kwamba Kezilahabi alisoma vitabu vya Wazungu, wala yeye mwenyewe hakuficha athari yao. Riwaya yake ya Kichwamaji, iliyotoka mwaka ule ule wa 1974, ina kijana Kazimoto ambaye maswali yake juu ya maana ya kuishi yanafahamika vyema kwa wasomaji wa wanafalsafa wa Ufaransa. Lakini kusoma kitabu cha jirani ni jambo moja, na kuugua ugonjwa wake ni jambo jingine.

Tena hofu ya macho ya watu haikuwa na haja ya kuletwa kwa meli. Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake juu ya vijiji vya marika mwaka 1951, aliandika kwa urefu namna mke alivyompisha baba mkwe: asimtazame usoni, asikutane naye njiani, akijificha au akigeuka upande asikiapo anakuja. Hiyo nayo ni hofu ya kuonwa. Tofauti yake na hofu ya Prufrock ni kwamba ina kanuni. Mke yule alijua wapi asikanyage, na alipolijua hilo alikuwa huru kukanyaga pengine pote. Kiswahili kina neno la hali hiyo, nalo ni haya, na wazee wa pwani na wa bara huihesabu kuwa pambo la mtu. Prufrock hana haya. Ana woga tu, kwa sababu jamii yake imemnyang'anya kanuni ikamwachia macho. Mwalimu wa Rungwe anayefundisha mashairi haya mawili kana kwamba ni moja ameitupa tofauti ambayo bibi yake angeliweza kumweleza kwa sentensi mbili.

Wala kushindana na nafsi si jambo geni katika ushairi wa Kiswahili wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi, na katika utenzi huo mtu anayesemeshwa si Sultani wala si ulimwengu: ni moyo wa mtungaji. Ausihi, aukemea, auonyesha majumba ya Pate yaliyobaki popo na vifaranga vya ndege, na moyo unakawia kukubali. Ukawiaji huo ndio utenzi wenyewe. Moyo ungalikubali katika ubeti wa kwanza, Waswahili wangalikosa mojawapo ya kazi zao kuu. Na karibu zaidi na siku za Kezilahabi, Ebrahim Hussein alitunga "Ngoma na Vailini", ambamo mtu avutwa upande huu na ngoma na upande ule na vailini, naye hapati pa kusimama. Mwandishi huyo huyo katika tamthilia ya Kinjeketile, ya mwaka 1969, aliweka jukwaani kiongozi anayetilia shaka maji aliyoyatoa kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna darasa linalosema Kinjeketile ni mwoga. Kwa nini basi mbuzi asisamehewe alichosamehewa mganga?

Huenda jibu ni umbo. Kinjeketile ni tamthilia, Al-Inkishafi lina vina na mizani, lakini "Dhamiri Yangu" ni shairi huru, na wako ambao hawajausamehe ushairi huru tangu ugomvi ule wa miaka ya 1970. Kwao shairi lisilojua mizani yake ni dhahiri halijui na nia yake. Hoja hii ilijibiwa zamani na haistahili zaidi ya mstari mmoja: mwenye kufungwa kamba fupi hatembei kwa hatua zilizopangwa.

Lililo na maana zaidi, na ambalo laonyesha shairi hili lilikotoka, ni methali. Kila mtu katika Tanzania amepata kusikia kwamba mbuzi hula urefu wa kamba yake. Husemwa ofisini, husemwa sokoni, husemwa na karani anayepokea asichostahili na na bwana mkubwa anayepokea zaidi. Katika vinywa vyao kamba si kifungo, ni kibali. Urefu wake ndio kipimo cha ulaji: aliyewekwa penye kamba ndefu ale kwa urefu, na wa kamba fupi ale kwa ufupi, na pasiwe na mwenye kumlaumu mwenziwe. Hii ni methali ya mtu asiye na wasiwasi wowote. Ana uamuzi kamili, na uamuzi wake ni kula.

Kezilahabi aliichukua methali hii akaipindua. Mbuzi wake amekwisha kula urefu wa kamba yake. Amefanya kila alichoruhusiwa na methali, na bado ana njaa. Tena kamba aliyofungwa nayo haikutoka kwa cheo bali kwa dhamiri, na mti wake si kiti cha ofisi bali ni utu. Alitaka kuuliza swali ambalo methali hailiulizi: baada ya majani kwisha, itakuwaje? Mlaji hujibu kwamba kamba irefushwe kwa kumwona mkubwa fulani. Mvunjaji hujibu kwamba kamba ikatwe. Msemaji wa shairi hakubali jibu hata moja kati ya hayo, na hapo ndipo anapoitwa mtu asiye na msimamo. Mhakiki anayetafuta asili ya shairi hili Chicago au London amepita mlangoni mwa nyumba aliyokuwa akiitafuta.

Sasa ije hoja ya pili, ambayo ni ya kienyeji zaidi na kwa hiyo ina nguvu zaidi. Husemwa: njia mbili zilimshinda fisi. Mwenye kusitasita hupasuka msamba. Mshairi aliona majani mabichi, akaona na mashamba ya watu, akashindwa kuchagua, basi ni fisi.

Methali hii nayo yataka kusomwa mpaka mwisho. Fisi alifika njia panda akasikia harufu ya nyama kutoka pande zote mbili. Hakuwa na shaka juu ya jambo lolote. Alizitaka nyama zote, akatia miguu ya kulia njia hii na miguu ya kushoto njia ile, akaendelea kwenda. Kilichompasua si kusita, ni kutosita. Lau angalisimama pale penye panda akafikiri kwa kitambo, angalikufa kwa uzee. Mbuzi wa Kezilahabi ni kinyume chake kabisa. Pande zake mbili hazina nyama: upande mmoja una njaa yake, na upande wa pili una hasara ya wengine. Anaposimama kati, asimama kwa kuwa ameona gharama ya kila upande, na anayelipa gharama ya upande mmoja si yeye. Kumwita fisi mtu wa namna hiyo ni kuwatukana wawili kwa neno moja.

Nyanda za Juu Kusini zina historia inayofaa kukumbukwa hapa, kwani husomwa na watoto wa shule za msingi na kusahauliwa na walimu wa fasihi. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumwua kiongozi wake, Emil von Zelewski. Vita vikaendelea mpaka Mkwawa alipokufa mwaka 1898. Fuvu lake halikurudi Kalenga ila mwaka 1954. Miaka saba baada ya kifo hicho Vita vya Maji Maji vilipanda kutoka mashariki na kusini. Wabena wa Njombe wakaingia, na mwezi wa Septemba 1905 wakaishambulia misheni ya Yakobi. Wahehe kwa jumla hawakuingia. Walisimama, wakatazama, wakapima. Nani atakwenda Kalenga leo akasimame mbele ya makumbusho yale na kusema kwamba watu wa Lugalo walisita kwa sababu ya woga? Walikuwa wamekwisha kujua, kwa bei ambayo Wabena walikuwa hawajailipa, ni nini kinachofuata. Si lazima mtu akubali kwamba walifanya sawa. Wako wanahistoria wenye haki ya kusema kwamba umoja wa siku ile ungaliweza kubadili mambo. Lakini kusita kwao kulikuwa na maarifa ndani yake, na uhakiki usioweza kutofautisha maarifa na woga hauna haki ya kusahihisha mtihani wa mtu.

Yuko tena atakayesema kwamba haya ni mambo ya kale, na kwamba mshairi wa siku za Azimio la Arusha alitakiwa kuchagua. Basi na atazamwe Ismani, kaskazini ya mji wa Iringa, kwenye njia iendayo Dodoma. Ardhi ile kavu ilikuwa, katika miaka ya 1950 na 1960, shamba kubwa la mahindi. Watu walilima kwa matrekta, wengine ekari nyingi sana, na udongo ukaanza kuchoka. Kisha ikaja siasa ya vijiji vya ujamaa. Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alikuwa mtu asiye na shaka juu ya kazi yake. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, alikwenda shambani kwa mkulima Said Mwamwindi akamkuta analima. Wakatupiana maneno. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga risasi, kisha akaipeleka maiti mwenyewe kwenye kituo cha polisi Iringa. Akahukumiwa, akanyongwa. Watu wawili walikutana asubuhi moja na hakuna hata mmoja wao aliyesitasita.

Kezilahabi alikijua kisa hiki. Riwaya yake ya Dunia Uwanja wa Fujo, iliyotoka mwaka 1975, yaishia kwa Tumaini, mkulima mwenye mashamba yanayotakiwa na siasa mpya, kumwua kiongozi wa serikali na kulipa kwa kamba ya shingo. Wahakiki wameonyesha mara nyingi jinsi mwisho huo unavyofanana na mambo ya Ismani. Lakini ni nadra kuona mtu akiiweka riwaya hiyo kando ya shairi lililotoka mwaka mmoja kabla yake. Katika riwaya kamba imekatwa, na msomaji aonyeshwa kilichofuata. Katika shairi kamba haikukatwa, na msomaji aambiwa kwa nini. Mwandishi ni mmoja. Huyu anayeitwa mtu asiye na msimamo alilitazama swali lile lile kwa pande mbili katika vitabu viwili, na katika vyote viwili mashamba yaliharibiwa pale palipokosekana kamba. Mjini Iringa kiko Chuo cha Ualimu kiitwacho kwa jina la Klerruu. Walimu wanaotoka katika mji huo hawana haja ya kufafanuliwa kwa mifano ya Prufrock maana ya mbwa aliyefunguliwa akauma watu.

Je, shairi linatetea ukimya? Hapo ndipo wanapokosea wale wasifu wake wa upande wa pili, wapenda utulivu, ambao wamelifanya somo la uvumilivu. Hao nao hawana shairi hili mkononi. Kwani mtu aliyetosheka na kamba yake hapigi kelele. Shukrani ya msemaji ni ya kweli, na kelele yake ni ya kweli, na hakuna kati ya hizo inayoifuta nyingine. Katika vijiji vya Mufindi na Rungwe, wakati mahindi yamesimama shambani, mbuzi hufungwa kwa kamba ili wasile mazao. Mtoto huwafunga asubuhi. Baada ya saa kadha mbuzi aliyemaliza majani yake hulia, na kilio hicho mtoto akijua sana. Hamaanishi anataka kukatiwa kamba. Mtoto akimkatia atapigwa jioni, na jirani atakuja kudai mahindi yake. Amaanisha: njoo unihamishe. Kazi ya kumhamisha ni ya aliyefunga. Mbuzi amekwisha kufanya kazi yake, ambayo ni kula na kutoa taarifa.

Ugumu wa shairi, na wala usifichwe, ni kwamba msemaji hakufungwa kwenye kigingi. Kigingi hung'olewa kikapigwa mahali pengine, lakini huyu amefungwa kwenye mti, na mti ule ni utu, utu hauhamishwi. Kinachobaki ni kamba kuongezwa urefu, au majani kuoteshwa upya pale pale. Shairi halisemi ni lipi. Ikiwa mtu anataka kulilaumu kwa kutokukata shauri, na alilaumu hapo, penye swali la kweli, asililaumu kwa kukataa majibu mawili mabaya.

Swali hilo halikuwa la mtu mmoja. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia yao warudi makwao. Kezilahabi alihitimu hapo mwaka 1970, katika kizazi kilichosomeshwa kwa jasho la wakulima na kukumbushwa deni hilo kila siku. Mtu wa kizazi hicho alijua ni nani wamemfunga. Alijua pia kwamba walikuwa na haki ya kumfunga. Kwamba msomi asiye na kamba huingia shambani mwa waliomsomesha. Na alijua kwamba duara alilopewa la kufikiri limekwisha kuwa vumbi. Kuyasema yote matatu kwa pumzi moja ni kazi ngumu kuliko kuandamana, na ni ngumu kuliko kunyamaza.

Nyerere mwenyewe alikuwa na subira na mtu anayesita. Katika tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, aliyoitoa mara ya kwanza mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969, alimpa Brutus Kiswahili kizuri, na Brutus ni mtu akosaye usingizi kwa kupima jambo ambalo Cassius amekwisha kuliamua. Hata hivyo hakuna anayeandika pembeni ya kitabu cha Rais kwamba Brutus hana msimamo.

Lakini vyuo vya Mbeya na Iringa vyaendelea kutoa walimu, na kila mwaka walimu hao hushuka kwenda Mbozi, Makete, Kilolo na Ludewa wakiwa na daftari lenye jedwali lile lile, na msimamo umetengewa alama zake. Mtoto wa kidato cha tano anayelisoma "Dhamiri Yangu" kwa mara ya kwanza hulielewa vizuri, kwa kuwa amepata kumfunga mbuzi. Kisha hufundishwa kutolielewa. Huambiwa achague: mshairi ni mwanamapinduzi au si mwanamapinduzi. Akiandika kwamba mshairi amshukuru aliyemfunga na papo hapo amdai, huwekewa alama ya kuuliza.

Iko njia rahisi ya kujua kama jedwali hilo lafaa. Mtunga mtihani na aliache jedwali kando mara moja, aulize swali moja tu juu ya shairi hili: aliyefunga kamba ni nani, na kwa nini msemaji, anayemshukuru, hakumtaja jina? Mwanafunzi mmoja ataandika Mungu, kwa kuwa mshairi alitoka seminari. Mwingine ataandika taifa. Wa tatu, huenda mtoto wa Ismani, ataandika baba na mama, akaeleza ni magunia mangapi ya mahindi yaliyouzwa ili yeye akae katika chumba kile cha mtihani. Na msahihishaji, akiwa na karatasi hizo tatu mezani, atakaa muda mrefu kalamu ikiwa mkononi.